“Huna Jina”: Uji, Orodha na Umoja wa Watoto Katika Darasa la Awali Wilayani Mufindi

Kisa hiki ni cha darasa la awali katika shule ya msingi ya kijiji kimoja kilichopakana na misitu ya Sao Hill, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Shule siitaji, wala mwalimu, wala mtoto yeyote. Yaliyotokea pale yanatokana na utaratibu ambao shule nyingi zinaufuata kwa nia njema, na kumtaja mtu mmoja kungewafanya wengine wajione wako salama. Nililifuatilia darasa hili nikiwa mkufunzi wa walimu wa awali, kwa ridhaa ya mwalimu mwenyewe, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza tuliyajadili naye tukiwa tumekaa kwenye viti vile vidogo baada ya watoto kuondoka.

Swali letu lilikuwa moja. Mtoto wa miaka mitano anajuaje kwamba yeye ni wa darasa hili, na kwamba yule aliyekaa pembeni yake naye ni wa darasa hili? Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulikwishautaja uwezo wa kuhusiana kuwa mmoja wa umahiri ambao mtoto anapaswa kuujenga kabla ya Darasa la Kwanza. Walimu wengi wanaufundisha kwa nyimbo na mawaidha. Darasa hili lilikuwa na nyimbo nzuri sana, na bado lilikuwa limegawanyika katikati.

Darasa na watu wake

Kijiji kinaishi kwa mahindi na miti. Wenyeji wengi ni Wahehe. Wana mashamba ya mahindi, maharage na viazi, na mtoto wao akifika shuleni anakuta binamu, shangazi mdogo na watoto wa jirani kwenye mkeka huo huo. Pembeni, mwendo mrefu kwa miguu ya mtoto, kuna kambi ya wafanyakazi wa misitu. Sao Hill ni shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, na paini zake zinavuta watu kutoka kila upande: wapasua mbao, wagema utomvu, wapakiaji wa magogo, mafundi wa mashine. Wapo Wakinga kutoka Makete, Wabena kutoka Njombe, Wanyakyusa kutoka Rungwe, na wengine wa mbali zaidi. Hawana mashamba. Wanalipwa kwa kazi iliyofanyika, malipo yanachelewa, na kazi ikihamia kitalu kingine nao wanahama na watoto wao.

Mwalimu alikuwa mmoja na watoto zaidi ya 60, ilhali mtaala unakusudia watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wengi walikuwa na miaka mitano. Lakini walikuwepo wa minne, na wengine wadogo zaidi waliofuatana na dada zao kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kubaki nao. Mwalimu hakuwafukuza, na mimi namuunga mkono.

Kulikuwa na jambo la lugha ambalo mgeni hulikosa kwa urahisi. Watoto wa kijijini walikuja na Kihehe kilichonyooka na Kiswahili cha kuokoteza. Watoto wa kambini walikuja na Kiswahili kizuri, kwa sababu kambini ndicho kinachowaunganisha wazazi wao. Basi mwalimu akiuliza swali, mikono iliyoinuka ilikuwa ya kambini, na “mpigieni makofi matatu” ilikuwa ya kambini. Mtoto wa kijijini aliyekuwa anajua jibu kwa Kihehe alilimeza. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na saa yake ya kujiona mdogo: wa kijijini wakati wa kipindi, wa kambini wakati wa uji.

Orodha

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ada iliondoka lakini chakula cha shuleni kilibaki mikononi mwa wazazi. Katika shule hii makubaliano yalikuwa debe la mahindi kwa kila mtoto baada ya mavuno, pamoja na fedha kidogo ya sukari na ya kumlipa mama mpishi. Kwa mwenye shamba debe linatoka ghalani. Kwa mtu wa kambini debe linanunuliwa, na Januari, watoto wanapoanza shule, ndio mwezi ambao mahindi yamepanda bei na ya mwaka mpya bado yako shambani.

Saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa saa ya uji. Mwalimu alisimama mlangoni na daftari alilokabidhiwa na mwalimu wa chakula, akasoma majina. Aliyesomwa alitoka na kikombe chake akapanga foleni nje ya jiko. Asiyesomwa alibaki kwenye mkeka. Waliobaki hawakuwa wote wa kambini, lakini wengi walikuwa wa kambini, na watoto wana macho.

Naelewa kabisa orodha ile ilitoka wapi. Shule ilikuwa na unga wa watu fulani, ikaogopa kuutumia bila idhini yao. Mwalimu hakuibuni, na kila alipoisoma alisoma haraka ili yaishe. Lakini tulipohesabu pamoja tuligundua kwamba hapakuwa na jambo lingine lolote darasani lililofanyika kila siku, kwa saa ile ile, kwa kuita mtoto mmoja mmoja jina lake kamili mbele ya wenzake wote. Wimbo hubadilika na hadithi hubadilika, hata mahudhurio siku nyingine yalijazwa kimya kimya mezani, ila orodha ya uji haikuwahi kurukwa.

Meno mkononi

Siku moja ya Machi mvua ilinyesha kutwa, na uji ukagawiwa ndani. Mvulana wa kambini, aliyekuwa amehamia muda mfupi tu kabla, aliokota kikombe kisicho na mtu akaingia kwenye foleni. Msichana aliyekuwa mbele yake akageuka, akamtazama, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Wewe huna jina.” Mvulana akamng'ata mkono.

Kesho yake asubuhi bibi wa yule msichana alifika.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwalimu. Mjukuu wangu amerudi na meno mkononi. Huyo mtoto wa kambini nataka nimwone.”

Mwalimu alimpa pole, akamkalisha, akamwomba amsikilize mjukuu wake akisimulia mwenyewe. Mtoto alisimulia yote bila kuficha, pamoja na maneno aliyoyasema, na hakuona tatizo lolote katika maneno hayo. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Hana jina kivipi? Watoto wote si wamebatizwa majina?” Hapo ndipo mwalimu alipolazimika kueleza habari ya daftari, na alivyokuwa anaeleza, alinisimulia baadaye, aliona aibu kuliko siku zote.

Msichana yule hakuwa na chuki, na ninasisitiza hilo. Alikuwa anaeleza kanuni kama alivyoiona kwa macho yake tangu Januari. Mwenye jina hunywa, asiye na jina hukaa. Mtu mzima angejua kwamba jina kwenye daftari ni suala la debe, lakini mtoto wa miaka mitano aliambiwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki akaijaza mwenyewe. Adhabu kwa aliyeng'ata ingekuwa rahisi, na wazazi wengi waliitarajia. Mwalimu alimwambia mvulana kwamba kung'ata kunaumiza, akamshika mkono wakaenda pamoja kuosha jeraha la mwenzake kwa maji ya uvuguvugu. Kwa siku hiyo, hilo lilitosha.

Baada ya tukio hilo tulianza kuangalia michezo yao kwa makini, na hapo ndipo tulipoelewa jambo limefika wapi. Nyuma ya darasa, chini ya mikaratusi, watoto walikuwa wakipika tope kwenye vifuniko vya ndoo. Msichana mmoja alichuma jani pana, akalishika kama daftari, akaanza “kusoma”. Waliotajwa walileta vikombe vyao vya magunzi. Ambao hawakutajwa walikwenda kukaa kwenye jiwe pembeni. Hakuna aliyewaambia wakae pale. Walijua.

Siku nyingine ulikuwa mchezo wa shule. Safari hii “mwalimu” alikuwa mtoto wa kambini. Aliuliza rangi ya ua, mtoto wa kijijini akajibu kwa Kihehe, na “mwalimu” akasema, “Hujui, kaa chini,” akampigia makofi mwingine. Kwa hiyo hata kipindi cha kawaida, ambacho sote tulikiona hakina ubaya, kilikuwa kimewapa watoto chombo cha kutengana.

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha uchunguzi wa namna watoto wadogo wanavyocheza. Alionyesha kwamba wapo wanaocheza peke yao, wanaotazama tu, wanaocheza sambamba bila kushirikiana, na kwamba mchezo wa kushirikiana kwa majukumu huongezeka umri unavyosogea. Walimu wa awali tunafundishwa ngazi hizo vyuoni, na kwa kawaida tunafurahi tukiona mtoto amefika juu. Lakini mchezo wa jani chini ya mikaratusi ulikuwa wa ngazi ya juu kabisa: una majukumu, una kanuni, una mpangilio. Mtoto anapopata uwezo wa kuunda kundi, anapata papo hapo uwezo wa kumwacha mtu nje. Uwezo ule ule unakwenda kokote ambako mazingira yanauelekeza.

Yaliyojaribiwa kwanza

Mwalimu alianza na alichokuwa nacho. Alitunga wimbo wa kushikana mikono, akawapanga watoto mmoja wa kijijini na mmoja wa kambini. Walishikana mikono vizuri alipowatazama, wakaachana alipogeukia ubao. Akabadilisha ukaaji kwenye mikeka. Ndani ya siku chache, kidogo kidogo, kila mmoja alikuwa amejisogeza kwa wenzake wa awali. Akatoa mawaidha ya kupendana, watoto wakayarudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno, na saa nne orodha ikasomwa.

Siyabezi hayo. Nyimbo na duara la asubuhi vina kazi yake na vilikuja kusaidia baadaye. Ila haiwezekani dakika tano za wimbo zishindane na utaratibu wa kila siku unaosema kinyume chake.

Kikao cha kamati

Mwalimu alikwenda kwa mwalimu mkuu akiwa na ombi dogo: orodha isisomwe mbele ya watoto, na watoto wote wa awali wanywe uji. Mwalimu mkuu alikubali la kwanza papo hapo. La pili akalipeleka kwenye kamati ya shule, na wazazi wa awali wakaitwa.

Kikao hakikuwa chepesi. Mwenyekiti wa kamati, mzee anayeheshimika, alisema wazi, “Mwalimu, hapa hakuna anayekataa mtoto ale. Tunachokataa ni mzazi kutegea. Mwaka huu mkiwapa bure, mwakani na sisi tutaleta debe la nini?” Wengi waliitikia kwa kichwa. Hoja ya mzee ilikuwa ya kweli. Mfuko wa pamoja unakufa pale watu wanapoona wanaotoa na wasiotoa ni sawa, na anayetaka uji kwa watoto wote bila kujibu hoja hiyo atakuwa na uji wa muhula mmoja tu.

Ukimya ulivunjwa na mama mmoja wa kambini aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

“Shikamooni wazazi. Mimi shamba sina, na mwezi huu bado hatujalipwa. Lakini nasikia mama mpishi anahangaika na kuni. Pale mashineni mabanzi yanachomwa moto kila jumamosi, hayana kazi. Sisi tunaweza kuleta.”

Mama mpishi alisema pale pale kwamba ni kweli: fedha inayoitwa ya sukari nusu yake ilikuwa inaishia kwenye kuni. Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika sura. Hayakuwa tena ya nani anadaiwa, yakawa ya nani ana nini. Walikubaliana kwamba kwa darasa la awali mchango unaweza kuwa mahindi, fedha, mabanzi, au siku za kumsaidia mama mpishi kuteka maji, na kwamba deni lolote ni la mzazi na kamati; lisifike masikioni mwa mtoto. Bibi wa yule msichana aliunga mkono kabla hajaombwa.

Katika kikao kile hakuna aliyetaja lishe, nami naona inafaa itajwe hapa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni katika mkoa unaovuna chakula na kulisha wengine. Kikombe cha saa nne asubuhi, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai ambapo Mufindi nyasi huamka zimeganda, si jambo la kando katika elimu ya mtoto.

Zamu

Kunywa pamoja kuliondoa ukuta, lakini hakukujenga kitu mahali pake. Kwa majuma kadhaa watoto walikunywa uji mmoja wakiwa makundi mawili. Kilichowasogeza karibu, kwa uchunguzi wangu, kilikuwa kazi.

Mwalimu aligawa kazi za siku kwa watoto wanne wanne, na kila wanne walikuwa mchanganyiko. Wawili wanashughulikia kibuyu chirizi nje ya mlango: mmoja anakanyaga kijiti maji yatoke, mwingine anashika sabuni na kuhakikisha kila mkono umesuguliwa. Wawili wanagawa vikombe. Kazi ya vikombe ndiyo iliyokuwa na utajiri kuliko zote, na naomba nikae nayo kidogo.

Vikombe vilikuwa vichache kuliko watoto, kwa hiyo uji ulinywewa kwa awamu mbili. Zamani aliyelipa mapema alikunywa kwanza. Sasa wagawaji walipaswa kuweka kikombe mbele ya kila mtoto wa mkeka ulio kwenye zamu, bila kuzidi na bila kupungua. Hiyo ni hisabati halisi ya awali, kulinganisha kimoja kwa kimoja, na mwalimu aliiingiza kwenye maandalio yake ya somo. Lakini pia inamlazimisha mtoto amtazame kila mwenzake usoni. Huwezi kugawa vikombe 30 huku umemsahau mtu. Kikombe kinabaki mkononi. Siku ya kwanza msichana wa “huna jina” alipokuwa mgawaji, alibaki na kikombe kimoja, akasimama katikati ya darasa akizungusha macho, kisha akamfuata mvulana aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango na kumkabidhi. Alikuwa ni mtoto mwingine wa kambini, si yule aliyemng'ata. Hakusema neno. Alikuwa tu anataka hesabu yake itimie, na mimi nadhani udugu mwingi wa watoto huanza hivyo hivyo.

Kazi ya pili muhimu ilikuwa ya kuuliza nani hayupo. Mwalimu alipigilia misumari kwenye ubao wa mbao uliopatikana kambini, na kila mtoto akawa na kizibo cha soda chenye alama yake: jua, kuku, jembe, msumeno, samaki. Asubuhi kila mmoja anatundika kizibo chake. Vinavyobaki kwenye kopo vinatolewa kimoja kimoja na watoto wa zamu. “Hiki cha nani?” Darasa linajibu. “Yuko wapi?” Anayejua anasema: anaumwa, amekwenda Mafinga na mama yake, mto umejaa. Akirudi, anaulizwa na wenzake, si na mwalimu peke yake. Kwa hiyo jina la kila mtoto lilitajwa kila siku, likiwa na mtu aliyepo au anayekumbukwa. Mahudhurio ya watoto wa kambini yaliongezeka katika kipindi hicho, ingawa uji nao ulikuwa umeanza, na sitaki kudai kwamba vizibo ndivyo vilivyofanya kazi hiyo.

Lugha

Hapa mwalimu alikwenda taratibu, na alikuwa sahihi. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika awali na alilishika hilo. Alichofanya ni kufungua milango midogo. Duara la asubuhi likaanza kwa “Kamwene”, salamu ambayo kila mtu mzima wa kijiji anaitumia, na watoto wa kambini wakajifunza kuitikia. Jumatano bibi yule yule aliombwa aje kusimulia hadithi za sungura na fisi kwa Kihehe. Alisimulia kwa sehemu, akawa anasimama, na watoto wa kijijini wakawaeleza wenzao kwa Kiswahili kilichotokea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa baadhi yao kuzungumza Kiswahili mbele ya darasa, na walizungumza kwa sababu kulikuwa na mtu aliyehitaji kuelewa. Makofi hayakuhitajika. Wa kambini walikaa mbele kabisa wakiuliza, “Halafu? Fisi akafanyaje?”

Yaliyobaki magumu

Uji ukawa mwepesi. Unga ule ule ulipogawanywa kwa watoto wote, mama mpishi aliongeza maji, na baba mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake anarudi na njaa. Alikuwa na haki. Mwalimu mkuu alimweleza hali, akamwonyesha ghala. Baba hakuridhika, ila hakumwondoa mtoto. Kuanzia Juni, mahindi mapya yalipoingia, uji ulirudi kuwa mzito.

Mtoto mmoja wa miaka minne aliendelea kucheza peke yake na mbegu za paini, akizipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye shina la mti. Mwanafunzi wa ualimu aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha alitaka kumvuta kwenye kundi kila siku. Tulimshauri amwache, ila akae karibu naye mara kwa mara. Mtoto huyu alikuwa na kizibo, alikuwa na zamu, wenzake walimruka kwa uangalifu wasiharibu mstari wake. Anayecheza peke yake kwa hiari hajatengwa, na mwalimu anayeshindwa kutofautisha hayo mawili anaweza kumsumbua mtoto aliyetulia huku akimpita aliyeketi kwenye jiwe.

Mwezi Agosti familia kadhaa za kambini zilihama, kazi ilipohamia kitalu cha mbali. Miongoni mwao alikuwamo mvulana aliyeng'ata. Kambi huhama, na darasa lolote karibu na misitu, mashamba ya chai au machimbo lazima lipangwe kwa kujua hivyo. Mwalimu aliwataka wanaoondoka waseme siku moja kabla, wakachagua nani atachukua zamu zao, wakapewa vizibo vyao waende navyo. Waliobaki walilia kidogo, wengine hawakujali. Wiki iliyofuata walipofika watoto wapya, darasa lenyewe liliamua kila mgeni awe na mwenyeji wa kumwonyesha choo, kibuyu chirizi na mahali pa kutundika kizibo. Kazi ya uenyeji iligombaniwa kuliko kugawa vikombe, na ikabidi nayo iwekwe kwenye zamu.

Mchezo wa jani niliuona tena baadaye, chini ya mikaratusi ile ile. Msomaji alikuwa mtoto wa kambini. Alisoma, akasoma, na kila aliyekuwa pale alitajwa, kisha akataja na wawili waliokuwa wamehama, na mmoja wa watoto akajibu kwa niaba yao, “Hayupo, amehama.”

Tatizo kubwa sasa liko chumba cha pili. Januari watoto hawa waliingia Darasa la Kwanza, ambako ni wengi zaidi, mwalimu ni mwingine, na daftari la uji lilikuwa bado linasomwa mlangoni. Katika siku za mwanzo mwalimu wa awali aliitwa kuamua ugomvi: watoto wake wa zamani walikataa kwenda kwenye foleni mpaka wenzao waliobaki ndani waitwe. Mwalimu wa Darasa la Kwanza aliona ni utovu wa nidhamu. Mwalimu mkuu hakuona hivyo, na amesimamisha usomaji wa majina kwa darasa hilo. Madarasa ya juu bado. Kamati inasema mabanzi hayawezi kutosha shule nzima, na katika hilo inaweza kuwa sahihi, kwa hiyo wamekubaliana kuzungumza na wenye mashine za mbao kuhusu mchango wa fedha kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wao. Kikao kimepangwa mara baada ya mavuno, wakati maghala yana kitu na watu wanasikilizana, na mwalimu wa awali ameomba suala hilo liwe la kwanza kwenye ajenda, kabla wazazi wa kambini hawajaanza kuondoka kuwahi zamu ya mchana.